Siombi Radhi kwa Herufi Z

Mumbua,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Nimekuona ukitoka mlangoni sasa hivi na kandambili zangu, unaenda kusukwa nywele, na ulipofika ngazini ukapiga chafya mara mbili na kucheka peke yako. U mzima. Msusi wako hajawahi kuwa na haraka, kwa hiyo nina mchana mzima wa kuandika. Kesho asubuhi nitaichomeka barua hii ndani ya begi lako, katikati ya lile sweta ambalo umeniambia mara tatu kwamba kwa joto la Lodwar halina kazi.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kufunga mlango. Naandika kwa sababu ya neno ulilonitupia Jumanne.

Ulikuwa umenitumia ujumbe kwenye simu kutoka mjini: "Xaxa mathe, nimefka tao, ntakuja badae." Nami nikakurudishia: "Sasa. Nimefika. Nitakuja baadaye." Sikuongeza kitu. Uliporudi hukuvua hata viatu.

"Mathe, si ulishika nilichosema?"

"Nilishika."

"Basi shida iko wapi?"

"Hiyo x imetoka wapi, Mumbua? S ilikukosea nini?"

Ukaweka simu mezani kwa kishindo. "Nikifika Lodwar usinisahihishe tena. Hizi herufi ni ugonjwa wako, si wa dunia nzima."

Ukatoka nje, ukafunga mlango. Mimi nikaendelea kuchambua sukuma wiki, na sikukujibu, kwa sababu jibu lilikuwa refu kuliko mlango uliokuwa umeufunga. Jibu langu ndilo hili. Si ugonjwa. Na kama ni ugonjwa, sitaki dawa.

Umewahi kula wali ukatafuna kijiwe? Mwenzako anaendelea kula na kupiga hadithi, wewe umesimama, ulimi unakitafuta. Wali wote umeharibika kwa kitu ambacho hakifiki ukubwa wa punje. Hivyo ndivyo mimi ninavyotembea humu mtaani Umoja. Natoka kununua maziwa, nakutana na kibao cha "NYUMBA YA KUKONDISHWA." Nasimama. Najua mwenye ploti alitaka kusema kukodishwa, na najua pia kwamba wapangaji wake wamekonda kweli, lakini kile kijiwe kiko pale kwenye meno mpaka nirudi nyumbani. Ratiba ya kanisani ikiandikwa "Bwana Asikiwe" siwezi kuimba. Ulipokuwa mdogo ulifikiri kila mama yuko hivyo. Baadaye ukagundua ni wako tu, ukaanza kutembea hatua tatu mbele yangu.

Basi sikia. Kuona kosa hakujawahi kuwa kosa langu. Lakini kwa hii kalamu yangu nimefanya makosa mawili mazito. La kwanza uliliona kwa macho yako. La pili nilikuficha, na nikakudanganya juu yake kwa miaka kumi.

La kwanza ni la soko la Burma. Ulikuwa na miaka minane. Tulikuwa tukienda pale sokoni Jumamosi moja kila mwezi kununua nyama kwa mzee mmoja tuliyemwita Baba Njoki. Siku hiyo tukakuta ametundika kibao kipya cha mbao, rangi nyekundu mbichi bado inanukia: "SUPU YA KISHWA CHA MBUSI IKO." Watu walikuwa wengi, wamekaa kwenye mabenchi na bakuli zao. Mimi nikafungua mkoba, nikatoa kalamu nene ya wino, nikaenda pale kwenye kibao. Nikaifuta s ya kishwa nikaweka c. Nikaikata s ya mbusi nikaandika z juu yake, kubwa.

Mtu mmoja akapiga meza. "Baba Njoki, umeanguka mtihani!" Benchi zima likaangua kicheko. Nami nikacheka nao. Nataka ujue hilo: nilicheka, na nilifurahi kuwa mimi ndiye niliyewachekesha.

Baba Njoki akatoka nyuma ya meza yake, akijifuta mikono kwenye koti lake jeupe. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hiyo nimeandika mwenyewe."

"Ndiyo maana narekebisha."

"Mimi sikuenda shule. Njoki ndiye alinifunza hizo herufi, jioni jioni, mwaka mzima. Hicho ndicho kibao changu cha kwanza."

Ningeweza kunyamaza hapo. Ningeweza kurudisha kalamu mkobani. Nilichosema ni hiki: "Basi mwambie Njoki mbuzi ni kwa z."

Tulipokuwa tunarudi ulinivuta mkono. "Mama, yule mzee alikuwa anataka kulia." Nikakwambia ni moshi wa nyama.

Mwezi uliofuata kibao hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na picha ya kichwa cha mbuzi, imechorwa vibaya, masikio kama ya sungura, na hapakuwa na herufi hata moja. Nilisimama mbele ya picha ile nikahisi nimemrudisha mtu mzima mahali alipokuwa ametoka kwa taabu. Nikamwambia, "Baba Njoki, kuhusu kile kibao..." Akasema, "Ulikuwa na haki, mwalimu." Akanipimia nyama, akaongeza kipande juu ya mizani kama alivyowaongezea wateja wote, na hakunitazama. Hakuandika tena. Nilipita pale miaka mingi, nikitafuta neno moja tu, hata lenye kosa. Niliona picha tu.

Na hata hivyo, mwanangu, mbuzi ni kwa z. Sitaki ufikiri nimekuja hapa kuikana. Siombi radhi kwa herufi z, leo wala siku nitakayozikwa. Radhi niliyodaiwa na Baba Njoki ni ya kile kicheko, na niliichelewesha mwezi mzima, kisha nikaitoa nusu.

Ungedhani Burma ilinifunza. Haikunifunza, au ilinifunza vibaya, na hapo ndipo kosa la pili lilipoanzia.

Unakumbuka nilipokuwa karani kule Industrial Area, kwenye kiwanda cha mabeseni na ndoo. Wewe ulikuwa darasa la sita. Meza yangu ilikuwa ghorofani, dirisha likitazama lango, na kila asubuhi niliwaona vibarua wakija kwa miguu kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, wanajipanga nje, mlinzi anawahesabu kwa kidole. Ofisini waliniita Madam Koma. Nilidhani ni kwa ajili ya alama ya mkato. Baadaye nikaelewa walikuwa pia wananiambia nikome.

Siku moja meneja wetu alibandika tangazo ubaoni: "Wafanyakazi wote wafike kwa wakti. Wasio tii watafutwa." Nikapita na kalamu nyekundu. Wakati. Wasiotii. Na pale kwenye watafutwa nikaandika pembeni: "Watafutwa na nani, kwani wamepotea?" Kiwanda kizima kilicheka mpaka chakula cha mchana. Jioni meneja akaniita.

"Wewe ni karani wangu ama ni mwalimu wangu?"

"Karani, Bwana."

"Ukiishika tena hiyo kalamu nyekundu hapa ndani, utaenda nayo nyumbani."

Nilikuwa nakulea peke yangu. Nikaifungia kalamu kwenye droo. Nikajiambia, Ndinda, umemuumiza mzee wa watu kule Burma, sasa unataka kujiumiza na wewe. Jifunze kunyamaza.

Wiki tatu baadaye ikaja orodha. Kampuni ilikuwa imekubali kuwaajiri vibarua kadhaa kazi ya kudumu, wale waliokaa miaka mingi. Meneja aliandika majina kwa mkono, haraka haraka, akampa kijana wa ofisi achape. Kisha ikaletwa kwangu, nipige muhuri na kuipeleka langoni. Ilikuwa Ijumaa, karibu saa kumi na moja.

Niliona hapohapo. Mistari minne ilikuwa na vijiwe. Mmoja ulikuwa "Kareki Mutugu." Hapakuwa na mtu anayeitwa Kareki Mutugu. Palikuwa na Kalekye Mutuku, mama wa kwetu Ukambani, aliyefanya kazi zamu ya usiku kwenye mashine ya mabeseni tangu kabla mimi sijaajiriwa. Asubuhi, mimi nikiingia naye akitoka, tulisalimiana kwa Kikamba, na wakati mwingine alinipa muhindi wa kuchoma aliokuwa amebakisha.

Niliigusa ile droo. Nikaiacha. Nikasema moyoni neno kama lile uliloniambia Jumanne: si wataelewa tu? Nikapiga muhuri.

Jumatatu nikiwa dirishani nikamwona langoni. Amevaa rinda la kanisani, amekuja kuandikishwa. Mlinzi wa mchana ana orodha mkono mmoja na kitambulisho chake mkono wa pili. Wale wengine watatu aliwajua kwa sura, akawaachia. Kalekye hakumjua, kwa kuwa alikuwa mtu wa usiku. Nilifungua dirisha nikasikia.

"Si wewe," mlinzi akasema.

"Ni mimi. Kuna nani mwingine?"

"Jina hapa si hili la kitambulisho. Mimi nikikuingiza, kesho nitaulizwa mimi."

"Soma tena, ndugu yangu."

"Nimesoma. Wewe soma."

Kalekye akaitazama ile karatasi. Hakujua kusoma. Aliishika tu kwa mikono miwili, akiitazama kama mtu anayetazama ndani ya kisima.

Nilikimbia kwa meneja. Nikamweleza. Hakuinua kichwa. "Ni herufi tu, Madam."

"Ndiyo, ni herufi tu. Turekebishe sasa, dakika moja."

"Kama ni herufi tu, itangoja."

Kalekye alisimama langoni mpaka jua la saa sita. Kisha akaenda. Ijumaa nafasi yake ikapewa mtu mwingine, na jina la mtu huyo liliandikwa sawasawa.

Nimelisikia neno "herufi tu" mara nyingi maishani, Mumbua, na sijawahi kulisikia kwa mtu ambaye jina lake limewahi kumfungia mlango.

Jumamosi nilienda Mukuru kumtafuta. Niliuliza nyumba kwa nyumba mpaka nikamkuta nje, anafua. Hakushangaa. Akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae. Nikamwambia makosa yalikuwa kwenye orodha, si kwenye kitambulisho chake, na kwamba yeye hakuwa na hatia yoyote.

Akaendelea kufua. "Wewe ndiye ulipiga muhuri?"

"Ni mimi."

"Uliona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akakamua shuka, akalitundika, akarudi kusimama mbele yangu na mikono inatiririka. "Si wewe ndiye uliandika kwenye karatasi ya meneja, watu wakacheka siku nzima? Hata sisi wa usiku tuliletewa hiyo hadithi."

"Ni mimi."

"Kwa hivyo hiyo kalamu yako ni ya kuchekesha watu tu."

Mwanangu, nimetukanwa na watu wengi, na mara nyingi nilistahili. Lakini hakuna aliyewahi kunisoma hivyo, tena mtu asiyejua kusoma. Nilitembea kutoka Mukuru mpaka nyumbani. Akilini nilimwona Baba Njoki, nilimwona meneja, nikajiona mimi katikati yao: shujaa mbele ya muuza supu, shujaa mbele ya ubao wa matangazo watu wakiwa wanatazama, na Ijumaa jioni, nikiwa peke yangu na karatasi, mwoga. Sikuwa nimejifunza kunyamaza. Nilikuwa nimejifunza kunyamaza mahali pasipofaa.

Jumapili sikwenda kanisani. Uliniuliza kwa nini, nikakwambia kichwa kinauma. Nilikuwa naandika barua. Niliandika kwamba mimi, Ndinda, karani, nilipiga muhuri orodha niliyojua ina makosa. Nikayaorodhesha yote manne, jina lililoandikwa upande huu, jina la kitambulisho upande ule. Nikaandika kwamba mmoja wa watu hao amepoteza kazi yake kwa uzembe wetu, na kwamba arudishwe. Nakala moja kwa meneja, nyingine kwa mkurugenzi, nyingine kwa afisi ya kazi. Jumatatu nikazipeleka kwa mkono wangu zote tatu kabla ya saa nne.

Saa nane nikaitwa. Meneja alikuwa ameishika barua kwa ncha ya vidole.

"Unajua hii ni nini?"

"Ni barua yangu."

"Chagua. Ama iondoke hii, ama uondoke wewe. Nenda ukaisome upya."

"Nimeipitia mara tatu, Bwana," nikamwambia. "Haina kosa."

Nikafungua droo, nikachukua kalamu yangu nyekundu, nikaenda nayo nyumbani, kama alivyokuwa ameahidi.

Wewe nilikwambia kampuni imepunguza watu. Ulilia kwa sababu tulihama nyumba ya vyumba viwili tukaja kwenye hiki chumba kimoja, na ukaacha rafiki zako. Nilikuona ukilia na sikukwambia ukweli. Niliogopa utaniuliza: kwa herufi? Tulihama kwa herufi? Sasa una umri wa kuuliza, basi uliza. Ndiyo. Tulihama kwa herufi. Na nikiwekwa tena pale, naweza kukupa machozi yaleyale mara ya pili. Linaniuma kuliandika hilo, na siliondoi.

Kalekye aliitwa kazini baada ya miezi miwili na nusu. Sijui kama ni barua yangu au ni afisi ya kazi, au ni mtu tu aliyeona aibu. Nilisikia kwa mlinzi niliyekutana naye dukani. Kalekye mwenyewe hakuja kunishukuru, na sikutarajia. Hatukuwa marafiki. Nilikuwa nimemrudishia kitu nilichoshiriki kumnyang'anya, na mtu hashukuriwi kwa hilo.

Lakini mwaka jana alikuja. Hukuwepo. Nilikuwa kibandani kwangu, pale ninapochapa na kutoa kopi, akasimama mlangoni, amezeeka kidogo, ana kadi ya harusi ya bintiye anataka ichapwe. Hatukusema lolote la zamani. Nilichapa, nikamwekea karatasi mbele. Akavaa miwani.

"Ngoja," akasema. "Siku hizi najua herufi za jina langu."

Akaweka kidole juu ya karatasi. "K," akasema. "A. L. E. K." Akasita. "Hapa kuna Y?"

"Iko."

"Naiona. E." Akavua miwani. "Basi toa kopi."

Nikatoa. Akalipa, akaenda. Nilifunga kibanda mapema siku hiyo, nikakwambia umeme umepotea. Huo pia ulikuwa uongo.

Sasa kesho unaondoka, na Jumatatu utakaa kwenye dirisha la kumbukumbu za wagonjwa, huko hospitalini Lodwar. Unajua kutumia kompyuta kuliko mimi, na hilo la x na s tutaendelea kugombana kwa simu. Sijakubali na sitakubali. Rafiki zako waandikie upendavyo. Ukimwona muuza chai ameandika "mandasi" kwenye karatasi yake, nunua mandazi, kula, mwambie ni matamu, na ule wali wako wenye kijiwe ukiwa kimya. Mimi ilinichukua Burma na Mukuru kujua hilo, na bado siku nyingine linanishinda.

Lakini dirishani atakuja mama aliyetembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni, na atakutajia jina ambalo masikio yako hayajawahi kulisikia. Foleni itakuwa ndefu. Utajua jina lingine linalofanana nalo, rahisi zaidi, na vidole vyako vitataka kuliandika hilo. Muulize tena. Akilisema, muulize mara ya tatu, kisha umsomee ulichoandika mpaka akubali kwamba ni yeye. Watu watanung'unika. Mwenzako wa dirisha la pili atakwambia unachelewesha kazi, na mkubwa wako atakuja kusimama nyuma ya kiti chako. Mwache asimame. Usigeuke mpaka umemaliza kuandika.

Mama yako,
Ndinda